Nisachi, Lakini Uniandikie

Anayetaka kupinga mamlaka ya polisi ya kusimamisha na kupekua watu kwa jina la vita dhidi ya ugaidi sharti kwanza ayakumbuke makaburi. Bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998, liliua watu 213 jijini Nairobi. Westgate, Septemba 2013, walikufa 67. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, walikufa 148, wengi wao wanafunzi. Katika hoteli ya DusitD2, Januari 2019, walikufa 21. Wakazi wa Kitengela wana sababu yao ya ziada ya kujali. Mji wao unalaza maelfu ya watu wanaofanya kazi Nairobi na katika viwanda vya Athi River, na katikati yake inapita barabara ya Namanga, ile inayoshuka Isinya, Kajiado na Bissil hadi mpaka wa Tanzania. Silaha ikipita hapo, watu wapitishwao kwa magendo wakipita hapo, ni sawa kabisa serikali itake kujua. Kwa hiyo sina haja ya kujadili kama polisi wawe na uwezo wa kusachi au wasiwe nao. Ninachouliza ni hiki: afande akishamaliza kazi yake na kuondoka, yule aliyesachiwa hubaki na nini mkononi?

Mabishano haya husikika stejini, sokoni na kwenye korido za mahakama ya Kajiado, na ili yasikike vizuri nimewakalisha pamoja watu wanne wa kubuni: afande aliyestaafu, mama mwenye kibanda cha nguo, kijana wa bodaboda na wakili. Majina hawana, ila hoja zao si ngeni kwa mtu yeyote anayeishi Kajiado.

Afande ndiye anayeanza, na ana haki ya kuanza kwa sababu ndiye aliyesimama barabarani. "Nyinyi mnazungumza mkiwa mmekaa," anasema. "Mimi nimesimama kwenye kizuizi saa nane za usiku, gari linakuja na taa kali, sijui ndani mna nani. Nikikosea, mke wangu anapigiwa simu. Mnataka niandike insha? Gaidi hangoji kalamu." Mama anamuunga mkono bila kusita. "Mwanangu, kwangu hakuna tabu. Asiye na kitu haogopi. Afadhali mkoba wangu ufunguliwe mara kumi kuliko nisikie mlipuko mmoja." Kijana wa bodaboda anacheka kidogo. "Mama yangu, wewe wanakufungulia mkoba. Mimi wananiambia nifungue simu. Wakishamaliza picha wanaingia M-Pesa, wanauliza mbona nina elfu nne na mimi ni mtu wa boda. Hapo ugaidi uko wapi?" Wakili anangoja watulie, kama wanavyofanya mawakili.

Kabla hajasema, tuitazame sheria yenyewe, maana wengi hudhani kwamba neno ugaidi likitajwa sheria nyingine zote hukaa kando. Si kweli. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake, na Ibara ya 24 inasema haki kama hiyo inaweza kupunguzwa kwa sheria tu, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu polisi kusimamisha gari au mtu na kumpekua, lakini pawepo sababu ya kumshuku. Kifungu cha 27 kinaongeza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilikuja juu ya msingi huo, haikuuvunja. Kikubwa ilichoongeza ni uzito wa yale yanayofuata baada ya kukamatwa, kwa sababu mshukiwa wa ugaidi anaweza, kwa idhini ya hakimu, kuzuiliwa hadi siku 90. Na mwaka 2014 Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao cha fujo mwezi Desemba, majaji watano wa Mahakama Kuu walikaa, wakasoma, na tarehe 23 Februari 2015 wakafuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Majaji hao hawakusema kwamba ugaidi ni jambo dogo. Walisema vita dhidi yake vipiganwe ndani ya Katiba.

Sasa neno zito katika sheria yote hii ni kushuku kwa sababu. Si kuhisi, si kutompenda mtu sura. Afande anasema pua yake ya miaka thelathini inamtosha, na huenda ni kweli kwamba pua hiyo imewahi kumfaa. Lakini sababu ambayo haikuandikwa kabla ya mfuko kufunguliwa ina tabia moja mbaya: inaweza kutungwa baada ya mfuko kufunguliwa. Kikipatikana kitu, afisa atasema alimshuku mtu huyo tangu mbali. Kisipopatikana, hakuna atakayeuliza kitu. Ndiyo maana Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa anayepekua bila kibali cha mahakama ajitambulishe kwanza, aandike alichofanya na alichochukua, na ripoti hiyo impe mkubwa wake. Isome tena sentensi hiyo, utaona pengo lake. Karatasi inapanda juu kwa mkubwa. Haimshukii aliyepekuliwa. Simu yako ikiibwa Kitengela unaenda kituoni, tukio linaandikwa, unapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ukipekuliwa na polisi wenyewe, mbele ya abiria kumi na wanne, huna namba yoyote.

Zitazame dakika tatu au nne za upekuzi wenyewe. Matatu inasimamishwa alfajiri, kabla ya kuingia mjini. Kondakta anashuka na kwenda nyuma ya gari, na kila abiria anajua anakwenda kufanya nini huko. Tochi inaingia dirishani, inapita usoni mwa mtu mmoja mmoja, halafu inarudi kwa kijana wa Kisomali aliyekaa kiti cha mwisho. "Kitambulisho." Anatoa. Kinageuzwageuzwa, kinasomwa upande wa mbele na wa nyuma, kinasogezwa karibu na taa kana kwamba ni noti. "Unatoka wapi? Unaenda kwa nani?" Mkoba unafunguliwa, nguo zinaangukia kwenye korido ya gari. Abiria wengine wanaangalia saa zao. Gari linaondoka, na kuanzia dakika hiyo tukio hilo halipo mahali popote isipokuwa kichwani mwa yule kijana. Hakuna atakayeweza kusema mwezi huu walipekuliwa wangapi kati ya Namanga na Athi River, ni wa jamii gani, kwa sababu zipi, na walipatikana na nini.

"Basi tusiwashuku hata wanaofanana na waliotushambulia?" mama anauliza, na swali lake halistahili kudharauliwa. Jibu lake liko Eastleigh. Aprili 2014, baada ya milipuko mtaani humo, serikali ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi na raia wa Kenya wakichanganywa, wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Mamlaka ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza msako huo, na mashirika ya haki za binadamu yakafanya vivyo hivyo. Malalamiko yaliyojirudia ni ya watu kulazimishwa kutoa pesa ili waachiliwe. Hapo ndipo hoja ya usalama inapojigeuka yenyewe. Kama mlango wa kutoka karandinga unafunguliwa kwa shilingi, mtu wa kwanza kuupita ni yule mwenye shilingi, na magaidi wana wafadhili. Wanaobaki ndani ni wachuuzi na wanafunzi. Mwaka uliofuata likaja shambulio la Garissa. Sidai kwamba msako ule ndio uliolileta. Nasema tu kwamba haukulizuia, na ulikuwa umekwisha kuwanyamazisha watu ambao pengine wangepiga simu.

Afande hakubali. "Hayo ni makosa ya watu, si ya mamlaka. Ukipewa sheria nzuri na askari mbaya, utalaumu sheria?" Hapa ndipo wakili anapopata nafasi yake, na anakwenda mbali, hadi London. Mwaka 2003, nje ya maonyesho ya silaha, polisi wa Uingereza walimsimamisha mwanafunzi Kevin Gillan, aliyekuwa akienda kuandamana, na mwanahabari Pennie Quinton. Walipekuliwa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000, kilichomruhusu polisi kumpekua mtu yeyote katika eneo lililotangazwa, bila sababu yoyote ya kumshuku. Askari wale hawakuwa wabaya, wala hawakuomba chai. Walifuata sheria neno kwa neno. Na bado, Januari 2010, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema sheria yenyewe imekiuka faragha, kwa sababu mamlaka hayo hayakuwa na mipaka wala kinga ya kutosha dhidi ya matumizi mabaya. Katika mwaka wa fedha wa 2009/10 watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamepekuliwa chini ya kifungu hicho, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi. Kifungu kiliondolewa, kikawekwa kingine chenye masharti makali zaidi.

Wanaosimulia kisa hicho huishia hapo, kwenye ushindi wa haki. Mimi kinachonivutia ni swali dogo: Waingereza walijuaje kwamba ni zaidi ya 100,000, na kwamba matokeo ni sufuri? Walijua kwa sababu tangu sheria yao ya polisi ya mwaka 1984 askari aliyempekua mtu barabarani alitakiwa kuandika: ni nani, lini, wapi, kwa sababu gani, na kilichopatikana; na aliyepekuliwa alikuwa na haki ya nakala. Kwa hiyo aliyekiangusha kifungu cha 44 si jaji peke yake. Zile fomu, zilizojazwa na polisi wenyewe, zilitoa ushahidi dhidi yake. Sasa lete hoja hiyo Kitengela. Tuseme misako yetu barabarani inafaulu kuliko ya London, inakamata silaha kila wiki. Tutalithibitishaje? Na tuseme haikamati kitu isipokuwa mia mbili mia mbili za makondakta. Tutalithibitishaje? Afande anayeamini kazi yake ni ya maana angekuwa wa kwanza kuidai fomu.

Kijana wa bodaboda amekuwa akitikisa kichwa muda wote huu. "Wakili, nisamehe. Karatasi? Wanaokuja na Subaru isiyo na namba, wamefunika nyuso, watanipa karatasi?" Hili ndilo pingamizi gumu kuliko yote, na Kitengela ina haki ya kulitoa kuliko mji mwingine wowote. Tarehe 19 Agosti 2024, wiki chache baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili wa hapo Kitengela walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Polisi walikana kuwashikilia. Mahakama Kuu ikamwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze waliko. Akaitwa tena na tena bila kufika, hadi Jaji Lawrence Mugambi alipomtia hatiani kwa kudharau mahakama na kumhukumu kifungo cha miezi sita. Tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32, watatu hao wakaachiliwa wakiwa hai, na siku hiyo hiyo Masengeli akafika mahakamani, na hukumu ikaondolewa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Aprili 2021, wanaume wanne walitoweka hapo hapo Kitengela, kisha maiti zikaanza kupatikana mbali, pande za Kiambu na Murang'a. Nani aliwachukua hao wanne, mimi siwezi kusema. Na hilo lenyewe, kwamba mtu anaweza kuchukuliwa mchana katika mji wa Kenya na majirani wasiweze kutofautisha kukamatwa na kutekwa, ndilo ninalolilalamikia.

Kwa hiyo kijana amesema kweli, ila hajaifikisha kweli yake mwisho. Karatasi haimzuii mtekaji. Inamtenga. Siku polisi wote wanaosachi kwa halali watakapokuwa wanajitambulisha na kuacha karatasi yenye jina, namba ya kazi, kituo na sababu, yule asiyeiacha atakuwa amejitaja mwenyewe. Mlinzi wa geti atajua apige kelele. Wenzake wa steji watajua wafuatilie gari. Ofisa wa kituo atakosa pa kusema "huenda ni wa kitengo kingine". Leo watekaji wanafaidika kwa sababu polisi wa halali wanafanya kazi kwa namna ile ile: bila sare, bila jina, bila maandishi. Ukitaka mwizi aonekane kati ya watu, wavue hao wengine barakoa.

Na kuna kisa kingine, ng'ambo tu ya mto, ambacho kila anayesema upekuzi wa barabarani ni jambo dogo angepaswa kukijua. Aprili 2015, Mlolongo, mwendesha bodaboda alisimamishwa na polisi wa utawala na akapigwa risasi ya mkono. Alipolalamika IPOA, akafunguliwa kesi za kubambikiwa. Wakili wake alikuwa Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wa teksi aliyewabeba walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, wakauawa, na miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 maafisa watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia. Aliyempiga risasi yule mwendesha bodaboda alihukumiwa kifo Februari 2023. Watu watatu wazima walikufa kwa sababu ya kusimamishwa kwa pikipiki moja, kwa vile afisa alihitaji kuwanyamazisha mashahidi wa jambo ambalo aliyeumia alikuwa amelilalamikia. Kama rekodi ya tukio lile ingalikuwepo tangu saa ile, katika nakala mbili, kuwaua watu hao kusingefuta chochote.

Afande amenyamaza kidogo, kisha anarudi na hoja yake ya muda. Fomu itachukua dakika tano, na barabara ya Namanga ina magari mengi. Kamera za kifuani je? Ziletwe, sina ugomvi nazo, ila kamera hukaa na polisi na ikizimwa imezimwa. Kuhusu muda, nchi hii ilikwisha kulijibu swali hilo mwaka 2007. Ukituma shilingi hamsini kwa M-Pesa kumlipa muuza mboga, sekunde hiyo hiyo unapata ujumbe wenye namba ya muamala, jina, saa na tarehe. Kusema kwamba kufunguliwa kwa mkoba wa raia hakuwezi kupata walau hicho kinachopewa mchicha ni kukosa nia. Mbele ya shambulio linalotokea sasa hivi, sawa, afande afanye linalobidi na aandike baadaye. Hakuna jaji atakayemlaumu. Lakini misako ya kila alfajiri stejini si shambulio linalotokea sasa hivi.

Yamebaki maneno ya mama, kwamba asiye na kitu haogopi. Yalikuwa na mashiko zamani kidogo, neno ugaidi lilipokuwa na maana moja. Julai 2025, baada ya maandamano ya Juni 25 na Saba Saba, vijana wengi walifikishwa mahakamani kwa mashtaka chini ya sheria ya ugaidi. Mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa nyumbani kwake akihusishwa na kuwezesha ugaidi. Alipofikishwa mahakama ya Kahawa, shtaka lilikuwa limegeuka kuwa la kupatikana na risasi bila idhini, na alilikana. Ikiwa ugaidi unaweza kuwa ni kuandamana, basi mama huyu, mwanawe akienda tu barabarani siku ya maandamano, hawezi tena kujua kama ana kitu au hana. Anayeamua ni yule mwenye tochi. Hapo sababu iliyoandikwa kabla ya mkoba kufunguliwa inamlinda hata mtu anayeipenda polisi.

Mama anaifikiria hiyo. "Basi waandike," anasema. "Mimi sikusema wasiandike." Afande anamtazama. Wakili anafunga faili lake.

Kajiado ina majimbo matano, na kwa hiyo ina wabunge watano wa majimbo. Mmoja wao, na ingefaa awe wa Kajiado Mashariki iliyo na Kitengela, alete marekebisho ya kifungu cha 26 cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai, yenye sentensi moja: kwamba polisi anayempekua mtu bila kibali aseme jina lake na namba yake ya kazi, aandike sababu kabla ya kupekua, na ampe aliyepekuliwa nakala hapo hapo, na kwamba kila kituo kichapishe hesabu zake kila robo mwaka. Mpaka hapo, msomaji, ukisimamishwa toa kitambulisho chako kwa utulivu, uliza jina na namba ya afisa, andika saa na mahali, na ukifika mjini pita kituoni udai namba ya OB.